Vichapo Nilivyokula Ruiru

Juzi niliwakabidhi vijana wa klabu funguo za chumba cha glavu, na kabla sijafika mlangoni mmoja wao akaniomba niandike habari za ushindi wangu, ati waubandike ukutani. Nikamwambia habari za ushindi zitaenea nyuma ya bahasha na nafasi itabaki. Ni kweli nilikuwa bingwa wa uzito wa juu wa Thika miaka ile ya hamsini, lakini ubingwa huo ulikuwa na sababu zake, mtaziona. Kazi niliyoifanya kwa bidii ulingoni ilikuwa kupigwa, na nilikuwa nikienda kuifanyia Ruiru. Basi hiyo ndiyo nawaandikia. Mambo ya vyeo na mshahara nayaacha, hayana utamu.

Jina langu ni Musau, Mkamba wa upande wa Gatuanyaga, na kazi yangu ya mkate ilikuwa presi katika kiwanda cha mkonge nje kidogo ya Thika. Ambaye hajaona presi ya mkonge ajue hivi: nyuzi za katani zinatupwa ndani ya sanduku la chuma, watu wanne wanazisukuma kwa mikono hadi zijae, kisha chuma kinashuka na kuzikandamiza ziwe robota moja gumu. Kabla chuma hakijashuka, nyapara anagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye boriti. Reli ikilia unaachilia ulichoshika, unarudi hatua moja, na mikono unaibandika mapajani, pale nyapara anapoweza kuihesabu. Mikono minane. Amri hiyo ililetwa baada ya mtu mmoja kuacha vidole vitatu ndani ya robota, na robota likafungwa na kusafirishwa. Hadi leo sijui vile vidole vilifika nchi gani.

Nyapara wetu hakutaka tufikirie. Alitaka mikono ishuke yenyewe, na aliyechelewa alichapwa kwa fito kwenye vifundo vya vidole. Siku yangu ya kwanza nilichapwa mara sita. Mwezi wa tatu nilikuwa nimeiva kabisa, hata nikiwa kwenye foleni ya posho na reli ilie kule kiwandani, bakuli linaanguka, unga unamwagika, nami nimesimama wima, mikono mapajani. Mke wangu Mueni alikuwa akiniambia, "Wuui, Musau! Umekuwa punda wa mtu." Nilimjibu kwamba punda ana vidole vyake vyote.

Ngumi zililetwa na Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Mzungu aliyeshughulikia mambo ya wafanyakazi aliona afadhali tupigane hadharani Jumapili kuliko kuketi vikundi vikundi tukinong'onezana. Tulimwita Bwana Filimbi, maana alikuwa na filimbi shingoni na aliipuliza hata akitaka chai. Akatujengea ulingo wa mbao karibu na ghala, kamba zake za katani tulizosokota wenyewe. Kamba hizo zilichubua mgongo vibaya sana, ndiyo maana mabondia wa Thika walijulikana kwa kupenda kukaa katikati ya ulingo. Watu walidhani ni ushujaa.

Mwalimu wetu alikuwa Sajini Ndung'u, Mkikuyu wa makamo, mwembamba, mtunza ghala pale kiwandani. Ngumi alijifunza jeshini, huko Burma, na usajini wake ulibaki kwenye mdomo tu, maana alipiga kelele kama bado ana askari mia. Siku niliyokwenda kujiandikisha alinipandisha kwenye mizani ya marobota, akasogeza vyuma, akanitazama juu hadi chini. "Wewe ni nusu robota," akasema. "Haya. Bingwa wa uzito wa juu."

"Bado sijapigana na mtu, Sajini."

"Na utapigana na nani? Hakuna mwingine mnene hivi."

Ndivyo nilivyoutwaa ubingwa, nikiwa nimevaa viatu. Baadaye alitokea mpishi mmoja wa uzito wangu, nikapigana naye mara tatu, mara zote akashindwa kwa kuwa alikuwa na pumu. Huo ndio ushindi wangu wa Thika. Ubandikeni.

Lakini Sajini alinifundisha kazi, hilo silifanyii mzaha. Tulikuwa na jozi mbili za glavu za klabu nzima, na nywele za farasi zilipotoka ndani tulizijaza katani, kwa hiyo ziligonga kama ubao. Kinga ya meno aliikata kutoka kwenye tyubu ya gurudumu. Bandeji zilikuwa kitambaa cha amerikani, alizichana mwenyewe, akazifua na kuzianika na kuzikunja kila Jumamosi. Alinifundisha kufunga mkono kuanzia kiganjani, kuvuta pumzi kwa pua, na kutompiga mtu ukiwa na hasira kamwe, kwa sababu mwenye hasira haoni anachokifanya. Nyinyi nimewafundisha yaleyale. Nanyi hamsikii, kama mimi.

Sajini alikuwa na mke, Wairimu. Operesheni za kuwahamisha Wakikuyu zilipoanza, mama huyo aliondolewa kwenye shamba lao na kuwekwa katika kijiji kipya kilichozungushiwa handaki na miba, kando ya shamba la kahawa la Ruiru. Sajini akabaki Thika kazini. Kwa Mkikuyu, siku zile, kutoka Thika hadi Ruiru, mahali ambapo leo unafika kabla chapati haijapoa, kulihitaji pasi yenye mhuri. Aliomba mara nyingi, akanyimwa mara zote. Alikuwa hajamwona mkewe mwaka mzima na zaidi. Sisi tulijua, lakini hatukuuliza, kwa kuwa hatukuwa na la kumsaidia. Nyinyi liwekeni akilini jambo hilo. Mimi sikuliweka.

Kisha kikatokea kikombe. Wazungu wawili, wetu na wa Ruiru, walinunua kikombe cha uzito wa juu na kukubaliana hivi: anayekishikilia anakaa kwao, anayekitaka anamfuata, kila baada ya miezi mitatu. Mchezo wa kwanza uliangukia Ruiru. Tukaandikiwa pasi ya lori moja, majina kumi, likiwemo la Ndung'u, msaidizi wa bondia, na askari mmoja wa kutuhesabu. Sajini alipoona jina lake kwenye karatasi aliisoma mara mbili na kuirudisha. Nilidhani anaogopa nitamwaibisha.

Mshindani wangu aliitwa Ochola, mvunja mawe wa machimbo ya Ruiru, mrefu, mpole, mwenye mabega ya kubeba mlango. Uwanja ulikuwa kando ya zile meza ndefu za kuanikia kahawa. Watu wa kijiji cha handaki waliruhusiwa kutoka kutazama, lakini wetu walikaa upande huu, wao upande ule, na askari katikati. Sajini alinikalisha kwenye kona, akanipaka mafuta usoni. "Mkono wake wa kulia ni nyundo. Mikono juu, Musau. Juu!"

Nikaiweka juu. Sasa, kwetu Thika raundi ilianza kwa filimbi. Kule Ruiru, watu wa machimbo walikuwa na kipande chao cha reli.

Ngaaa!

Ninachokumbuka baada ya hapo ni mbingu ya Ruiru, safi, haina hata wingu. Kisha uso wa Sajini. Alikuwa anamwambia askari kwamba jeshini mtu aliyezimika hapakiwi kwenye lori mpaka alale saa nzima kivulini. Askari hakutaka kurudi Thika na maiti, akakubali. Nikabebwa hadi chini ya meza za kahawa, na Sajini akanifunika uso kwa gunia lililolowa. "Usifungue macho. Usigeuze kichwa. Ukifungua macho damu itapanda vibaya kwa ubongo, na mimi simo."

Nikalala saa nzima kama nilivyoambiwa. Nilikuwa mtiifu, jamani! Hata nzi aliponitembelea mdomoni sikumfukuza.

Nyumbani nilimweleza Mueni kwamba Ochola alinipiga kutoka nyuma. Akauliza, "Kutoka nyuma, na pua ndiyo imevimba?" Kiwandani nililaumu maharagwe. Sajini yeye alisema shida ni pumzi, akaniandikia dawa: kukimbia hadi Gatuanyaga na mawe mfukoni, kumeza mayai mabichi mawili alfajiri, na kumtazama mpinzani kitovuni badala ya machoni. Nilifanya yote. Mawe yalitoboa suruali. Mayai sitaki kuyazungumzia.

Miezi mitatu ikaisha, tukarudi. Mara ya pili nilidumu zaidi kidogo, kwa sababu Ochola alichelewa kutoka kwenye kona yake. Reli ililia, nikamtazama kitovuni, kitovu kikaja, nikaona nyota. Gunia, kivuli, saa nzima. Nikiwa chini ya gunia nilimsikia mwanamke akicheka kwa sauti ya chini upande wa ghala la kahawa, nikadhani ananicheka mimi. Sikumlaumu.

Mara ya tatu tulikwenda na Kioko, mwenzangu wa presi, aliyekuja kubeba ndoo. Nikapigwa. Safari hii jicho la kushoto lilifungika kabisa. Nimelala chini ya gunia langu, nasikia Kioko anakuja, anaketi kwenye mchanga, anaanza kucheka hadi anakohoa.

"Unacheka nini, wewe?"

"Musau, hapa si presi! Reli inalia, wewe unarudi hatua moja, mikono mapajani. Ungeona sura yako! Nilikuwa nangoja nyapara aje akuhesabu."

 Nilirudi kichwani kwenye mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara nikajiona nimesimama wima, mikono kwenye mapaja, na ngumi inakuja. Haki ya Mungu, miezi sita! Miezi sita nilikuwa nameza mayai mabichi kwa ajili ya kengele.

Kisha nikafikiria jambo lingine, na hilo liliniuma zaidi ya jicho. Sajini Ndung'u alikuwa mtu wa kuona kidole chako cha gumba kimelegea ndani ya glavu. Mtu huyo amesimama kwenye kona yangu mara tatu, amenitazama nikishusha mikono mara tatu, na hakusema. Hakuwa ameshindwa kuona. Nikalitupa gunia nikainuka nikamtafute nimfinyange.

Sikwenda mbali. Alikuwa hatua kama thelathini, nyuma ya ghala, ameketi juu ya jiwe kifua wazi, anakula irio, viazi vya kuponda na mahindi, kutoka kwenye sufuria ndogo. Karibu naye mwanamke amepiga magoti, shati la Sajini mapajani, anashonea kifungo.  Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akalikunja shati, kisha akalikunjua tena, akatafuta kifungo kingine cha kukaza.

"Ni bibi yake," Kioko akaninong'oneza. "Ile saa ya dawa yako, hiyo ndiyo saa yao."

Nikarudi nikalala. Nikajifunika gunia mwenyewe. "Kioko, ukisema neno hili Thika, nitakufunga ndani ya robota."

Msidhani nilikuwa mwema. Hasira ilinikaa wiki kadhaa, na nilikuwa na haki nayo, pua yangu ilikuwa imehama. Nilijiambia nitamkabili Jumamosi. Jumamosi nikamkuta ghalani anakunja bandeji, na anapiga mluzi. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia akipiga mluzi. Nikamwambia nimekuja kuchukua kamba ya kuruka, nikaichukua, nikaenda zangu kuruka. Baadaye kidogo akaniambia, akitazama pembeni, kwamba nyumbani kunatarajiwa mtoto. Nikahesabu miezi kwa vidole, nikaona ile mimba ni ya kichapo cha pili. Nikampongeza. Moyoni nilijipongeza na mimi pia, si kila bondia anaweza kusema hivyo.

Kabla ya safari ya nne, dresa wa zahanati alinipima jicho la kushoto. Akasema likipigwa tena vizuri nitazoea kutazama dunia kwa moja. Sajini alikuwepo, ameshika kofia. 

Kwenye kona alinifunga glavu polepole kupita kawaida, kisha akapiga magoti mbele yangu. "Musau, nimekukosea. Ukisikia ile reli, unashusha mikono. Nimeona tangu siku ya kwanza. Ningekwambia, ungeshinda, na kikombe kingeenda Thika, na mimi nisingerudi hapa."  "Leo nakwambia. Usishushe. Jicho lako halitapotea kwa sababu yangu."

"Najua, Sajini."

"Unajua nini?"

"Nimekuona ukila irio."

Akafungua mdomo, na reli ikalia. Ngaaa! Mikono yangu ikaanza kushuka, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na akili ya kuizuia. Niliweza kabisa. Nikaiacha ishuke. Nikaibandika mapajani vizuri, nikangoja.

Hakuna kilichokuja. Ochola alikuwa amesimama mbele yangu, mkono umerudi nyuma, ananitazama usoni. "Inua mikono, bwana," akasema.

"Piga."

"Leo unafanya makusudi. Mimi sipigi mtu aliyesimama hivyo. Umepewa nini?"

Mnaona masaibu yangu? Nilikuwa hodari wa kupigwa bila kukusudia, na sasa nimekusudia, mwenyewe anakataa. Watu wameanza kuzomea. Nikamwambia, "Ochola, yale mawe unavunjiwa na mama yako?" Akanisikitikia. Nikaongeza mambo mengine kuhusu mama yake ambayo sitayaandika hapa, na mama mwenyewe anisamehe popote alipo. Hapo akanipiga. Lakini alinipiga upande wa kulia, mbali na jicho bovu. Sikuwahi kumshukuru.

Nikalazwa mahali pangu. Safari hii nilikuwa macho chini ya gunia, natabasamu kwa meno yaliyobaki, nasubiri saa yao iishe. Mara gunia likainuliwa. Wairimu alikuwa ameinama juu yangu, mkono mmoja kiunoni kwa sababu ya tumbo. Nyuma yake Sajini alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wewe ndiye Musau?"

"Ndimi, mama."

"Huyu mzee ameniambia leo. Mimi nilidhani wewe ni mgonjwa, unaanguka anguka tu." Akanigusa shavu lililovimba, akavuta mkono haraka. "Ngai! Sikiliza. Mimi nimemtaka huyu mtu, usiku na mchana nimemtaka. Lakini sitaki kumpata hivi. Utapofuka, halafu mtoto wangu nimwambie nini? Siku ile ingine uweke mikono juu."

"Na nikishinda, mama?"

"Nitangoja. Kungoja nimezoea."

Nikaahidi. Akanirudishia gunia usoni, taratibu, akalinyoosha kwenye kona.

Sasa sikilizeni mchezo wa tano, ule ambao mzee Kioko huwasimulia kila mkimnunulia soda. Nilikuwa nimemwahidi mama yule mikono juu, na nilikusudia kutimiza. Lakini nilikuwa nimejiahidi jambo la pili bila kumwambia mtu. Nitapigana kwa heshima hadi raundi ya nne, nilinde jicho, kisha Ochola akinigusa popote nilale chini nijifanye nimezimika. Mtoto alikuwa amezaliwa siku chache nyuma, habari zilifika kupitia dereva wa lori la kahawa, bila hata kusema ni wa kike au wa kiume. Sajini alikuwa amenunua shuka dogo, amelikunja ndani ya koti. Kila mara lori liliporuka alilishika kifuani aone kama lipo.

Reli ikalia, mikono ikabaki juu. Watu wa Thika wakashangilia tu kuniona nimesimama baada ya sekunde kumi. Raundi ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nilianza kujipenda, sitaficha. Nilikuwa napigana kweli mbele ya watu walionicheka mwaka mzima, na ilikuwa tamu. Raundi ya tatu, Ochola akateleza kidogo, na ngumi yake ya kushoto, bila nia mbaya, ikaingia kwenye jicho lile bovu.

Hasira ikanipofusha. Yote niliyofundishwa yakatoka. Mkono wa kulia ulikwenda wenyewe, na vile vichapo vyote vinne vilikuwa ndani yake. Ochola alikwenda chini kwa mgongo na hakuinuka. Nilimtazama, nikasema kwa sauti, "Amka. Amka, bwana, tafadhali." Refa akahesabu hadi kumi, akaninyanyua mkono.

Nikajiangusha. Ndiyo, nilijitupa kwenye mbao nikashika jicho, nikalia, "Nakufa, nilazeni kivulini!" Watu wa Thika wakafikiri ni furaha. Wakapanda ulingoni kwa mpigo, wakaninyanyua begani, mimi narusha miguu, "Niacheni, mimi ni mgonjwa!" nao wanazidi kuimba. Askari akatazama saa yake. "Hakuna mgonjwa leo? Pandeni lori, tuwahi." Sajini akamwambia jambo, akamwonyesha mimi, na askari akacheka. Nani angesadiki kwamba bingwa aliyebebwa juu anahitaji saa ya kulala?

Wakamsukumia Sajini kikombe akishike. Lori likawaka. Tulipokata kona ya ghala nilimwona Wairimu karibu na meza za kahawa, mahali pangu hasa, ameketi na kifurushi mikononi anangoja tuletwe. Alipoona lori linaondoka alisimama. Alikimbia kati ya mistari ya kahawa jinsi anavyoweza kukimbia mwanamke aliyejifungua juzi, hadi kwenye uzio, na mlinzi akamzuia. Akakiinua kile kifurushi juu ya kichwa chake kwa mikono miwili.

Sajini alisimama. Akapiga kelele kwa Kikikuyu, akiuliza ni msichana au ni mvulana. Aliuliza tena na tena, na mama akajibu, tuliona mdomo ukijibu, lakini injini ilikuwa inanguruma na watu wetu walikuwa wanaimba jina langu. Tulifika Thika bila kujua. Shuka lilikuwa bado ndani ya koti. Kabla hajashuka aliniwekea mkono begani. "Ilikuwa ngumi nzuri," akasema. Alimaanisha. Hapo nililia, na watu wakasema, tazameni bingwa.

Kikombe kilikaa Thika na hakuna aliyekuja kukidai. Ochola alimaliza mkataba akarudi kwao ziwani, na Ruiru hawakuwa na mnene mwingine. Mimi nikaitwa bingwa wa Thika na Ruiru, nikapigiwa makofi kila mkutano. Sajini aliendelea kunifunga bandeji kila Jumapili, na kuomba pasi, na kunyimwa. Hakunilaumu hata siku moja, ingawa nilimpa nafasi nyingi.

Pasi yake ilipotoka ulikuwa umepita mwaka na zaidi. Akaniomba nimsindikize. Wairimu alitungoja nje ya mlango, na karibu yake msichana mdogo anayetembea tayari, tumbo mbele, mkono mdomoni. Sajini alivua kofia, akachuchumaa, akamwita kwa jina, jina la mama mzazi wa Sajini, kama ilivyo desturi ya Wakikuyu kwa binti wa kwanza. Mtoto akamtazama yule mwanamume asiyemjua, akapiga ukunga, akakimbilia ndani.

Mama akataka kumfuata amlete kwa nguvu. "Mwache," Sajini akasema. "Leo hakuna lori." Akavuta kigoda, akaketi mbali kidogo na mlango ili asimtishe. Nikaketi naye, kisha nikaona nazidi tu. Niliaga, nikatazama nyuma mara moja kutoka kwenye daraja la handaki. Sajini alikuwa bado palepale, mikono juu ya magoti, anangoja mtoto wake achoke kumwogopa.